Chupa Tatu za Maji ya Jibini

Tangu nirudi, kila anayepita mezani kwangu hapa njia panda ya Mkiwa ana swali moja: "Mama Zena, hivi Uganda ulifuata nini?" Nikianza kueleza, mteja wa asali anapita, basi linaondoka, mimi nabaki na fungu la vitunguu mkononi kama mtu anayepunga mkono wa buriani. Nimeona niandike mara moja, mpokezane. Habari za pasi na mihuri sitazigusa, hazina ladha.

Mkiwa, kabla ya kuondoka

Mdogo wangu Hadija mnamjua. Kwa asiyemjua, ni yule mjane anayetengeneza jibini nyuma ya nyumba yetu, kazi aliyojifunza kwa watawa akiwa msichana, na mzigo wake unaenda kwenye hoteli za Dodoma. Anagandisha maziwa, analikata lile bonge, analikamua kwenye kitambaa. Bonge ndilo jibini. Kinachochuruzika ni maji ya manjano yenye ukijani, kama yaliyooshewa mchicha. Ndoo kumi za maziwa zinakuachia ndoo tisa za maji hayo. Siku ya kwanza kuona nilidhani mdogo wangu anaibiwa, nikahesabu tena. Tisa.

Alikuwa anayamwaga mtaroni, na mtaro unateremka kwa Mzee Shabani, jirani yetu mwenye mashine ya kukamua alizeti. Maji yakachacha, yakanuka, nzi wakahamia na familia zao. Mvua zilipokolea yakaingia kisimani kwake. Mzee Shabani akaenda kushtaki, na kwa haki kabisa. Mwenyekiti wa kijiji akakata shauri: mvua zikiisha, ama maji yawe yameacha kumwagika, ama jiko la jibini lifungwe. Watoto wanne wa Hadija wanakula na kusoma kwa jiko hilo.

Hadija akajaribu kuyagawa bure, watu wakanyweshe mifugo. Akapeleka dumu kwa jirani mmoja, likarudi limejaa. Akapeleka la pili kwa mwingine, nalo likarudi limejaa. Mnajijua wenyewe. Sisi wa njia panda tumezoea kupatana bei hata ya kibiriti, na kitu cha bure tunakiogopa kuliko nyoka. "Kama ni mazuri, mbona huuzi?" Ndivyo walivyomwambia, na kusema kweli hata mimi ningesema hivyo.

Ndipo dereva mmoja wa lori, akila kuku wangu, akaniambia: "Mama, mbona Mbarara kuna kiwanda kinakausha maji hayo yanakuwa unga? Wazungu wanayagombania."

Nikajaza chupa tatu. Nikahesabu tena, tatu. Hadija akaniuliza, "Dada, utawaambiaje hao watu?"

"Sitawaambia kitu. Nitakwenda kama mnunuzi."

Hiyo nayo ni desturi yetu, msijifanye hamuijui. Ukitaka kuuza mbuzi mnadani, kwanza unazunguka unauliza bei ya mbuzi kama vile huna hata mmoja. Ukishajua wenzako wanauzaje, ndipo unamtoa wako nyuma ya mti.

Mkiwa hadi Kahama

Basi la Bukoba lilinipitia mapema, likapita Singida mjini, likashuka mteremko wa Sekenke kwa sala za dini zote mbili. Kwenye kiti cha jirani alikaa mama wa Kihaya anayeitwa Ma Koku, anatoka Dodoma kumwona mjukuu, ana kikapu na maneno ya kutosha. Tulipofika Igunga nilikuwa nawajua wakwe zake wote kwa tabia.

Kahama basi likaharibika. Utingo akasema dakika kumi. Utingo akisema kumi, nenda ukatafute chakula kinachopikwa polepole. Tukala wali na maharage, tukanywa chai, basi bado fundi yuko chini miguu imetokeza. Jua likatusukuma ndani ya duka moja lenye kivuli, limejaa makopo makubwa kama ya rangi ya nyumba. Kila kopo lina picha ya mwanamume aliyevimba mikono, hana shati, na uso wa mtu aliyekanyagwa.

"Shikamoo mama, karibu," akasema muuzaji, kijana mmoja nadhifu anayeitwa Elisha.

"Marahaba. Hii dawa ya nini?"

"Siyo dawa mama, ni unga wa protini. Vijana wa mazoezi wanakoroga wanakunywa. Hapa wanaotoka migodini wananunua sana."

"Umetengenezwa kwa nini?"

"Maziwa. Ila siyo maziwa yenyewe. Yale maji yanayobaki wakishatoa jibini."

Nikamtazama. Nikamwomba arudie. Akarudia.

"Maji ya manjano?"

"Sijui rangi mama, mimi yananifikia yakiwa unga."

Nikauliza bei. Jamani, nilikaa chini, na hapakuwa na kiti. Kopo moja lilikuwa bei ya mbuzi wawili, na mmoja wao ana mimba. Nikamkatia nusu, si kwa kutaka kununua, ni maradhi tu.

"Haiwezekani mama, mzigo umetoka mbali huo. Hili la Ujerumani, hili Marekani, lile pale la New Zealand."

"Hata mimi nimetoka mbali, mbona sijapanda bei?"

Ma Koku akacheka mpaka akashika rafu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza ule mtaro wetu. Mvua nzima tumemmwagia Mzee Shabani makopo ya Ujerumani kisimani, naye akatushtaki.

Kahama hadi Bukoba

Tuliondoka jua likishuka. Nilikuwa nimezipakata chupa zangu tatu kama watoto mapacha na wa ziada. Sasa kosa langu lilikuwa hili: nilizifunga vizibo kwa nguvu ya Mkiwa, na maji ya jibini kwenye joto yanachacha, na kinachochacha kinatafuta mlango.

Karibu na Biharamulo chupa ya kwanza ikapasuka. Paa!

Dereva akafunga breki. Watu wakapiga kelele kwamba tairi limekwenda. Mzee mmoja nyuma akatangaza ni risasi, na abiria mmoja mnene akaingia chini ya kiti ambacho mpaka leo sielewi aliingiaje. Kisha harufu ikaanza kutembea, siti moja baada ya nyingine, kama kondakta anayekusanya nauli.

"Nani ametapika?" utingo akauliza.

Ma Koku alikuwa ameloa kuanzia kilemba mpaka kikapu. Nikangoja matusi. Akalamba mkono wake, akafikiri.

"Waitu, hiki ni cha maziwa," akasema kwa mshangao wa Kihaya. "Wewe mama ulikuwa umepakata ugonjwa na hukuniambia?"

Ikabidi niwaeleze wote, kuanzia jiko la Hadija mpaka kisima. Basi zima likagawanyika. Kuna walionicheka, na kuna mmoja aliyeapa kwamba kwao wanawanywesha ndama na wananenepa. Nikamuuliza kwao wapi, akawa ameshalala. Nikalegeza vizibo vya chupa mbili zilizobaki. Nikahesabu tena, mbili.

Bukoba Ma Koku alinilaza kwake bila kunikubalia hata senti ya sabuni. Akanipa ndizi zilizopikwa na maharage, na kahawa ya kutafuna. Nilipouliza malipo akakasirika kweli, nami nikaona aibu. Nimesema cha bure tunakiogopa. Usiku kucha nililala nikijiuliza ndizi zile zilikuwa na nini. Hazikuwa na kitu. Zilikuwa ndizi tu na ukarimu.

Bukoba hadi Mutukula

Asubuhi nikavuka mto Kagera pale Kyaka, nikafika Mutukula mpakani. Nimeahidi kutogusa mihuri, nitamgusa afisa mmoja tu aliyefungua mfuko wangu.

"Mama, hii gongo unaipeleka wapi?"

"Siyo gongo baba, ni maji ya jibini."

"Kila gongo ina jina lake."

Akafungua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Akamwita mwenzake, naye akanusa, wakatazamana kama madaktari. Hatimaye yule wa kwanza akamimina kwenye kikombe chake cha chai akaonja. Akaonja tena. Akamaliza kikombe. Akamimina kingine.

"Ni kweli siyo gongo," akasema. "Lakini uchunguzi haujaisha."

Uchunguzi uliisha chupa ilipoisha. Niliondoka Mutukula na chupa moja. Ya kuhesabu mara ya pili haikuwepo, lakini niliihesabu.

Mutukula hadi Mbarara

Kwenye gari la kwenda Masaka, na jingine la kwenda Mbarara, nikaona kioja. Nikiongea Kiswahili, watu wananyooka. Nilimwamkia mwenye mgahawa kwa adabu zote za nyumbani, akaacha kupika akasimama wima. Akaniletea chakula kabla ya walionitangulia: ndizi zilizopondwa na bakuli la mchuzi mweupe kama maziwa, ambao nilidhani ni maji ya jibini yamekuja kunipokea. Kumbe ni samli iliyopigwa mpaka ikawa nyeupe. Ni tamu, lakini nilikula kwa wasiwasi, kwa maana mama yule hakukaa mpaka nilipomaliza. Ndipo mteja mmoja aliyewahi kuishi Mwanza akaninong'oneza: "Hapa Kiswahili wamekizoea kwa askari. Anadhani umekuja kukagua."

Nikamwambia amweleze mimi ni muuza vitunguu. Alipoelezwa, alicheka, akakaa, na bei ya chakula ikapanda papo hapo.

Kiwandani

Nilipokelewa na Bwana Mugisha, msimamizi wa upande wa jibini. Alisoma Nairobi, Kiswahili chake kinakwenda mbio lakini kinafika. Nikajitambulisha kama mnunuzi kutoka Tanzania. Sikudanganya kwamba ninatoka Tanzania.

Akanipitisha ndani na kofia ya karatasi kichwani. Nikaona mnara wa chuma mrefu kuliko kanisa, ambamo, alivyonieleza, maji ya jibini hurushwa juu kama mvua, yakianguka chini ni vumbi. Kinachoingia kwa siku moja humo, Hadija angetengeneza jibini mpaka wajukuu wazeeke na asikijaze. Nilikuwa nimesafiri nchi nzima na chupa moja kuja kuuzia bahari maji.

"Na unga huu unaenda wapi?" nikauliza kinunuzi.

"Mama, hii biashara ni kichekesho," akasema. Tukakaa ofisini kwake, akaagiza chai. "Huko Ulaya mababu zao walikuwa wanamwaga mitoni na kuwapa nguruwe. Samaki wakafa, serikali zikawabana. Ikabidi watafute namna. Wakajifunza kuchuja, wakakausha. Leo wanatia kwenye biskuti, chokoleti, maziwa ya watoto, na hizo poda za vijana wa mazoezi. Marekani wanakula piza, piza inataka jibini, jibini inaacha maji, basi wana maji mengi kuliko yeyote. New Zealand wao wako wachache, ng'ombe wengi, wanauza nje karibu kila kitu. Na China wananunua."

"China wanafanya mazoezi?"

"Wanalisha watoto wa nguruwe, mama! Nguruwe wa China wakiugua, bei inaanguka dunia nzima, na mimi hapa Mbarara nakosa usingizi."

Nikaweka kikombe chini. Maisha yangu yote sijawahi kumwazia nguruwe wa China mema wala mabaya.

"Subiri, hujasikia," akaendelea. "Zamani jibini ndiyo ilikuwa mali na maji ndiyo makombo. Siku hizi wanaotaka hiyo poda wameongezeka hivi kwamba kuna viwanda huko nje vinahesabu faida ya maji kwanza. Jibini inatengenezwa ili maji yapatikane."

"Jibini ndiyo makombo?"

"Karibu hivyo."

Mniamini, nilitazama dirishani nione kama jua bado linatoka upande wake.

Nikajikaza. Sasa ni wakati wa bei. Nikasema kwa sauti ya mtu asiyejali, "Na haya mabichi, kabla ya mnara, mnauzaje?"

Bwana Mugisha akaacha kuchezea kalamu. Akasogeza kiti. "Unataka mabichi?"

"Nauliza tu."

"Chukua bure."

Masikio yangu yakasimama. "Bure?"

"Bure kabisa. Leta tangi. Ukiwa nalo wiki hii, mafuta ya gari tunaweza kuongea."

Bure! Na mafuta juu! Nywele zilinisisimka chini ya ile kofia ya karatasi. Nikamtazama kama ninavyomtazama mtu anayeuza simu mpya barabarani kwa bei ya betri.

"Bwana Mugisha," nikasema, "yana nini hayo maji?"

"Hayana kitu! Ni mazuri!"

"Kama ni mazuri, mbona huuzi?"

Nikayasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu. Yalikuwa yale yale aliyoambiwa Hadija, neno kwa neno, na madumu yake mawili mkononi.

Bwana Mugisha akashusha pumzi. Mnara umesimama, akasema. Kuna kipuri kimeharibika kinatoka Ulaya, bado kiko njiani. Matangi yamejaa. Kumwaga hawezi, chini ya kiwanda kuna kijito, na kando ya kijito kuna mzee mwenye ng'ombe. Mara moja yalimwagika kidogo usiku, asubuhi mzee alikuwa getini na ndoo ya ushahidi.

"Nimewaambia wafugaji waje wachukue, hawaji. Wananiambia, tajiri gani anagawa mali?"

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Akaona nimepata kichaa. Nikatoa ile chupa ya mwisho chini ya khanga nikaiweka juu ya meza, nikamwambia kweli yote: kwamba nilikuja kuuza, kwamba nyumbani kuna mtaro, kuna kisima, kuna Mzee Shabani.

"Kumbe hata wewe una mzee wako!" akasema.

"Na mvua zinaisha, kaka yangu. Jiko la mdogo wangu litafungwa."

Hakuninunulia hata tone. Lakini alinipa maelekezo, nami nikayarudia mara mbili mbele yake: wanyama wapewe maji ya siku ile ile, yasilale, yachanganywe na maji ya kawaida, waanze kidogo kidogo la sivyo wataharisha. Ng'ombe, mbuzi, ndama wakubwa, nguruwe kwa mwenye nao. Tukaagana. Nikamwachia na ushauri wangu.

"Acha kugawa," nikamwambia. "Funga kufuli."

Kurudi, na kilichotokea Mkiwa

Kurudi sina la kusimulia ila kwamba afisa wa Mutukula alinikumbuka akauliza kama nimebakiza. Nilifika nyumbani mvua imebaki ya kuhesabika. Hadija alikuwa ameshaanza kuvifunga vyombo vyake kwenye mashuka.

"Dada, umeuza?"

"Sijauza. Fungua mashuka, tafuta pipa lenye mfuniko."

Tukaweka pipa uani, mahali panapoonekana kutoka barabarani. Maji yote ya jibini yakaingia humo, mtaroni halikwenda tone. Nikanunua kufuli kubwa kuliko la dukani kwa mtu yeyote hapa, nikalifunga. Hadija akanitazama kama nilivyomtazama Bwana Mugisha. Kila jioni, kwa kuwa hayatakiwi kulala, tuliyazika kwenye shimo shambani, mbali na kisima, hakuna aliyetuona.

Siku ya kwanza watu wakapita wakitazama kufuli. Siku ya pili wakapita polepole zaidi. Siku ya tatu Mzee Shabani akaja mwenyewe, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmefungia nini humo?"

"Maji ya jibini."

"Yale yale?"

"Yale yale."

"Sasa kufuli la nini?"

"Mzee, nimetoka kuona yanavyouzwa. Kopo moja mbuzi wawili. Siwezi kuyaacha wazi."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mbuzi wangu wakinywa?"

"Wananenepa. Lakini siyo ya bure tena."

"Mlikuwa mnanimwagia kisimani bure!"

"Ndiyo maana yalikuudhi."

Hapo tukaingia kwenye maongezi, na mnajua Mzee Shabani akiingia kwenye bei hatoki leo. Nikamkumbusha mashudu yake, yale makapi ya alizeti. Zamani yalikuwa yanarundikwa nyuma ya mashine, yananuka, tukimlalamikia. Leo malori yanatoka Kenya kuyafuata. Akajikuna kichwa. Tukaafikiana: dumu la maji kwa debe la mashudu, na mashudu yatakwenda kwa wafugaji wanaomletea Hadija maziwa. Aliomba dumu la nyongeza. Nikamnyima, kwa heshima zote.

Mbuzi wake walianza kwa kikombe, wakafika ndoo. Wiki iliyofuata wakaja majirani wawili, wale wale waliorudisha madumu. Tulikoma kuzika.

Mvua zikaisha. Mkutano wa kijiji ukaitwa. Hadija alivaa kitenge chake kizuri kama mtu anayekwenda kuzika. Mwenyekiti akasimama, akakumbusha amri yake, akamgeukia Mzee Shabani: je, maji ya jibini bado yanafika kwake?

Mzee Shabani akainuka polepole.

"Mwenyekiti, hayafiki," akasema. "Na hilo ndilo lalamiko langu. Mimi ndiye jirani, yalianzia kwangu, nimeyavumilia yakinuka. Leo nikienda naambiwa kuna watu wawili mbele yangu! Kijiji kiingilie kati, nipewe kwanza."

Wale wawili wakaruka juu kupinga. Kelele ikawa ya mnadani. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa khanga, na si kwa vumbi.

Mwenyekiti akapiga meza. Akauliza wanaotaka jiko la Hadija lifungwe wanyooshe mikono. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema hakuna.

Nikamwomba ahesabu tena.